Majuto ya Ashoka

Hivi karibuni, katika kikao cha mgogoro wa shamba, mtu aliyewahamisha jirani zake alisimama, akaomba radhi, akalia. Wazee wakafunga shauri na shamba likabaki kwake. Nilipohoji, msomi mmoja alinijibu kwamba hata Ashoka, mfalme wa India ya kale, alijuta, na dunia inamheshimu.

Majuto ni uchungu wa moyo kwa ubaya uliotendwa. Hilo halina ubishi. Ninachouliza ni kama yanatosha wakati kilichoporwa kingali mkononi mwa anayejuta. Ashoka aliiteka nchi ya Kalinga yapata mwaka 261 KK. Katika tangazo lake la 13, lililochongwa mwambani, anakiri mwenyewe: watu 100,000 waliuawa, 150,000 walihamishwa, na wengi zaidi wakafa. Anasema jambo hilo linamuumiza. Hasemi kwamba waliohamishwa walirudishwa.

"Usimpime mtu wa kale kwa kipimo cha leo," msomi akasema. Hoja hii inanichoma. Kipimo cha leo kimetoka wapi hapa? Ni Ashoka aliyeandika kwamba hata sehemu moja ya mia, au ya elfu, ya mateso yale sasa ingemhuzunisha. Tena huko Kalinga kwenyewe, kwenye miamba ya Dhauli na Jaugada, tangazo la 13 halikuchongwa. Badala yake kuna maagizo kwa maofisa, mfalme akisema watu wote ni wanawe. Majuto yalichongwa mbali, hata Shahbazgarhi, katika Pakistani ya sasa, lakini wafiwa wenyewe hawakuchongewa. Na katika tangazo hilohilo anawaonya watu wa misituni kwamba, pamoja na kujuta, nguvu za kuwaadhibu anazo. Wale 150,000 nao walikuwa watu wa kale. Hawakuhitaji karne yetu iwafundishe kwamba wamenyang'anywa kwao.

Kweli, ukimya wa jiwe hauthibitishi kwamba hakuna aliyerejeshwa.

Kinachonivuta kila mara ni jiko la Ashoka. Tangazo la kwanza linasema zamani maelfu kwa maelfu ya wanyama walichinjwa humo kila siku. Sasa ni tausi wawili na paa mmoja, na hao nao wataachwa. Alichimba visima, akapanda miti, akaagiza tiba ya watu na ya mifugo. Nampenda kwa hayo. Lakini aliyeweza kuhesabu tausi angeweza kuhesabu mateka waliorudi makwao.

Siwezi kusema majuto yake yalikuwa ya uongo, wala kwamba yalikamilika. Ashoka alikufa yapata mwaka 232 KK, na Kalinga ilikuwa bado mkoa wa dola yake.