Njooni Wote



Nikiwa na miaka 15 niliacha kabisa kuongea nyumbani. Mshauri nasaha akasema, "Njooni wote." Baba akang'aka: "Mwenye shida si huyu hapa?"

Huko London, utafiti wa hospitali ya Maudsley wa mwaka 1987 ulionyesha kwamba vijana wanaojinyima chakula, ugonjwa ukiwa bado mchanga, hupata nafuu zaidi familia nzima ikihusishwa.

Na katika Marko 9, yule baba hakumwombea mwanawe tu. Aliomba wasaidiwe wote, akakiri udhaifu wa imani yake mbele za watu.

Baba yangu alikuja safari ya tatu. "Nisamehe, mwanangu." Siku hiyo nikaongea.

Kijana, jambo likikuzidi, waombe wazazi mwende pamoja. Mungu atupe unyenyekevu huo. Amina.