Miguu Kanisani, Moyo Wapi?

Kasesya, katika Wilaya ya Kalambo mkoani Rukwa, ni kijiji cha mpakani. Hapo mtu avukaye kwenda Zambia huulizwa hati yake. Akiwa nayo hupita, wala hapana aulizaye moyo wake umebaki upande gani. Je, mzazi naye amlinde mwanawe kwa namna hiyo, aridhike akiwaona miguu yake imevuka mlango wa kanisa?

Tuseme ni Jumapili katika nyumba ya Kikatoliki ya huko Ufipa. Mama amejifunga kitenge, wadogo wamekwisha koga, na kijana wa miaka 16 angali kitandani. "Mwanangu, amka, Misa inatupita." "Shikamoo, mama. Leo siendi." Haumwi; asema tu kuwa maneno ayatamkayo kule hayaamini tena.

Wahenga walinena, samaki mkunje angali mbichi. Mama anayo hoja. Shule hakumwomba ridhaa. Dawa chungu ya malaria alimnywesha akilia. Na kwake yeye Kanisa si desturi, ni uhai. Kumwambia anyamaze ni kumwambia amtazame mwanawe akishuka mto wenye mamba.

Hata hivyo, dawa humponya hata aliyeikataa, na hesabu iliyofundishwa kwa fimbo hubaki hesabu. Sala sivyo ilivyo. Asaliye kwa kuogopa kofi hujifunza jambo moja: kumdanganya Mungu mbele ya mama yake. Kanisa lenyewe latambua hayo, kwani sheria yake huihesabu kuwa batili ndoa iliyofungwa kwa kulazimishwa. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliwatambulia wazazi haki ya kuongoza malezi ya dini, ilhali ulitamka pia kwamba mtu asishurutishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake.

Historia ya upande ule nayo ina neno. Mapadre Weupe walifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, aliagiza mtu mzima aombaye ubatizo afundishwe na kupimwa kwa miaka minne. Si wote waliopata hiari hiyo. Watoto waliokombolewa utumwani walilelewa misheni bila ya kuulizwa. Lakini mtu mzima aliyekuja kwa miguu yake aliulizwa, akangojwa. Kijana wa leo alibebwa mgongoni, na wazazi na msimamizi wake wakamjibia. Huenda kukataa kwake ndiyo mara ya kwanza analikabili kwa kinywa chake swali waliloulizwa wakale wake. Alizimaye swali hilo kwa kofi humnyima mjukuu ile subira waliyopewa wahenga wake.

Wasomaji wa pwani watakikumbuka kisa cha Nuhu katika Kurani. Alimwita mwanawe apande jahazi. Mwana akakimbilia mlima, na wimbi likawatenga. Baba alikuwa mtume, na gharika ilikuwa ya kweli. Bado alichokuwa nacho ni wito tu. Wala kisa hakitufariji, kwa kuwa mwana aliangamia. Kuacha kushurutisha kuna gharama yake, na mzazi asidanganywe kwamba ni jambo jepesi. Nuhu hakumfunga mwanawe kamba. Lakini pia hakuacha kumwita.

Basi mama aendelee kuita. Amtake kijana heshima na kazi za nyumbani, na siku ya msiba aandamane na wenzake kanisani, maana pale husindikiza watu. Ayasikilize maswali yake pasi na ukali, na asiloweza kulijibu akiri kuwa halijui. Komunyo asimlazimishe kamwe.

Kisha aende Misa yake. Akirudi akakuta moto umewashwa na chai imechemka, aketi anywe na mwanawe. Akiulizwa padre amehubiri nini, amweleze. Asipoulizwa, asimsimange.