Asiyeweza Kuinama

Methali yetu husema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Watoto hufundishwa maneno haya mapema, na walimu huyarudia kila watakapo kuwatia wanafunzi moyo wa kazi. Ni maneno mema. Walakini yamejengwa juu ya dhana moja ambayo aghalabu hatuiangalii, nayo ni kwamba kila mgongo wapindika. Je, yule ambaye mgongo wake haupindiki, cha mvunguni si haki yake? Na mtu mwingine akikisogeza kitu kile mpaka mahali ambapo mkono wa mnyonge huyu wafika, thamani yake itakuwa imepungua?

Swali hili lina uwanja mpana kuliko uvungu wa kitanda. Kaskazini-magharibi ya Uingereza, katika nchi ya milima na maziwa iitwayo Lake District, limebishaniwa tangu karne ya kumi na tisa, tena juu ya jambo ambalo kwa sura ya kwanza ni dogo kabisa: matembezi mepesi kando ya ziwa.

Tutwae ziwa moja. Tarn Hows ni ziwa dogo baina ya Hawkshead na Coniston. Limezungukwa na misonobari na vilima vya chini, na milima mirefu huonekana kwa mbali. Njia ya kulizunguka haizidi sana kilomita 3. Imetandikwa changarawe na kusawazishwa, na penye ua pana malango, si zile ngazi fupi za mbao au mawe ambazo Waingereza hujenga juu ya kuta za mashamba ili mtu apite na kondoo abaki. Mzee mwenye bakora hulizunguka ziwa bila haraka. Mama husukuma kigari cha mwanawe. Mwenye kiti cha magurudumu huenda sambamba na wenziwe badala ya kungojea garini mpaka warudi wamsimulie walichokiona. Mamlaka ya hifadhi ya taifa ya nchi ile, hifadhi iliyoundwa mwaka 1951, ina orodha ya njia kadha wa kadha za namna hii, na jina la orodha hiyo maana yake ni maili zisizo na ngazi za kuvukia ua.

Wako wasiopendezwa. Husema kwamba mandhari iliyopatikana bila jasho haina ladha. Kwamba mlima hujifunua kwa anayeupanda, na ziwa kwa anayelifikia kwa taabu. Na kwamba changarawe na malango ni njia ya kuifanya nchi ya porini kuwa bustani ya mjini. Msemaji mkubwa wa fikira iliyo jirani na hii alikuwa mshairi William Wordsworth. Mwaka 1844, alipokuwa na umri wa miaka 74, alipinga kwa barua gazetini mpango wa kuleta reli mpaka karibu na ziwa Windermere. Hoja yake haikuwa moshi na kelele tu. Aliamini kwamba macho ya kuuona uzuri wa milima hufunzwa kwa muda mrefu, na kwamba mafundi na vibarua wa miji ya viwanda wakiletwa kwa makundi siku moja moja hawatafaidika. Afadhali waanze na mashamba yaliyo karibu na kwao. Reli ilifika mwaka 1847 hata hivyo.

Hoja hii yataka kujibiwa kwa heshima, maana aliyeitoa alizijua njia zile kuliko karibu kila mtu wa zama zake. Alikuwa na haki kusema kwamba kuona ni elimu. Lakini elimu hiyo hupatikana wapi, kama si kwa kuona? Kumwambia mtu asifike ziwani mpaka ajue kulitazama ni sawa na kumkataza maji mpaka ajue kuogelea. Tena ugumu wa njia, ambao baadhi ya watu wautaka uwe mlinzi wa uzuri, ni bawabu kipofu. Huyu hamwulizi mgeni kama anapenda maji, ndege na kivuli cha wingu juu ya kilima. Humpapasa miguu tu. Kijana mwenye misuli na moyo mkavu hupita. Bibi wa miaka themanini, aliyeipenda milima maisha yake yote na aliyekwisha ipanda magoti yalipokuwa yakimtii, hurudishwa mlangoni.

Nadhani kosa lililofichika hapa ni kuuhesabu uzuri kuwa ni ijara. Ijara humstahiki aliyefanya kazi, na mtu akipewa ujira wa jasho la mwenziwe, twasema kuna dhuluma. Lakini ziwa halimlipi mtu. Anayelifikia kwa kupanda saa sita na anayelifikia kwa dakika kumi wote wawili wamekuta kitu wasichokifanya. Mpandaji ana faida nyingine, sikatai, nayo ni kubwa: ameijua pumzi yake, ameshinda woga wake, chakula chake kitakuwa kitamu jioni. Hiyo ndiyo ijara yake, naye ameipata yote. Hakupungukiwa hata chembe kwa sababu mtu wa kiti cha magurudumu ameliona ziwa lingine huko chini.

Na ikiwa twataka kuzungumza habari za jasho, basi historia ya Tarn Hows ina la kutwambia. Ziwa hili ambalo wageni hulisifu kwa uasilia wake lilitengenezwa na watu. Palikuwa na maziwa matatu madogo, na sehemu kubwa ya ardhi ya hapo ilikuwa malisho ya shirika ya watu wa Hawkshead. Katika miaka ya 1860 malisho yale yalifungwa kwa sheria, yakawa mali ya James Garth Marshall, mtu wa ukoo uliotajirika kwa viwanda vya kitani mjini Leeds. Akajenga ukuta wa kuzuia maji, maziwa matatu yakawa moja, akaongeza miti. Kwa hiyo watu waliokuwa na haki ya kupita pale kwa kazi yao waliipoteza, ili mandhari ipendeze macho ya mwenye mali. Kufikia mwaka 1930 ardhi hii ilinunuliwa na Beatrix Potter, yule mwandishi wa hadithi za sungura, naye akaiuza nusu yenye ziwa kwa shirika la National Trust, lililoundwa mwaka 1895 kuhifadhi mahali kama hapo kwa faida ya umma. Sasa, katika mlolongo huu wa wafungaji, wanunuzi na wachimbaji, nani aliye na haki ya kusimama langoni na kusema kwamba changarawe ndiyo iliyoharibu uasilia?

Liko neno la kiswahili ambalo hunifurahisha kila nifikiripo jambo hili. Safari ina mwisho wake, na msafiri hupimwa kwa kufika. Matembezi hayana. Anayetembea hatukumuuliza amefika wapi. Na njia ya kuzunguka ziwa, ambayo humrudisha mtu pale pale alipoanzia, ni matembezi matupu. Kuyatia matembezi mizani ya safari ni kuvuruga lugha kabla ya kuvuruga haki. Zaidi ya hayo, mtu apandaye jabali hutazama mahali pa kuweka mguu, kama ana akili. Kwenye njia iliyosawazishwa mguu wajitafutia wenyewe, na jicho laachwa huru kufanya kazi yake. Hata asiyeona hunufaika: akiwa na hakika ya ardhi aikanyagayo, masikio yake hayana shughuli nyingine ila upepo katika misonobari na bata majini.

Hofu moja ya Wordsworth, hata hivyo, siwezi kuipuuza. Wepesi huita wengi. Wengi huleta magari, na magari hutaka viwanja vya kuegeshwa. Kingo huliwa na nyayo, ndege huhama. Yawezekana siku ikafika ambapo mahali fulani pasema pamejaa. Hapo lazima baadhi wazuiwe, na mimi sina ugomvi na kuzuia. Ugomvi wangu ni juu ya nani wa kwanza kuzuiwa. Idadi ya magari yaweza kupunguzwa, mabasi yakaongezwa, siku zikagawanywa. Haya yote humgusa mwenye nguvu na mnyonge kwa kipimo kimoja. Kuing'oa changarawe na kurudisha ngazi juu ya ua humgusa mmoja tu.

Wala hapana anayetaka Scafell Pike, mlima wa mita 978 ulio mrefu kuliko yote ya Uingereza, utandikwe kokoto hadi kileleni. Milima ni mingi, na iliyosawazishwa ni vipande vichache vya kando ya maji. Waliopanga orodha ya zile maili wamezigawa njia katika mafungu matatu: za wote, za wengi, na za baadhi. Mtu husoma nyumbani, hutazama mwinuko na upana wa lango, hupima mikono yake na ya anayemsukuma, kisha huamua mwenyewe kama atakwenda.