Zahanati tumejenga, nesi atalala wapi?

Ndugu zangu Waislamu, kwetu ni Kisarawe, ila riziki yangu iko Kibaha, ninakosomesha Elimu ya Dini ya Kiislamu. Hivi karibuni nilikwenda nyumbani kumjulia hali shangazi yangu. Usiku mmoja alikuwa amebanwa na kifua, hawezi hata kumaliza neno. Zahanati haiko mbali na mlango wake. Ina bati zuri, ina vigae, na ukutani kuna jiwe la marumaru lenye jina la taasisi iliyoijenga. Lakini ilikuwa na kufuli. Nesi hana nyumba pale kijijini, hivyo jua likizama huondoka. Shangazi akapakiwa kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, mmoja akimshika asianguke, hadi mjini. Alhamdulillah, alipona.

Sina nia ya kuwalaumu wafadhili. Wao wamejenga, na Allah (s.w.) awalipe. Lawama yangu naielekeza kwetu sisi, mimi nikiwemo, tuliopiga takbira siku ya uzinduzi, tukala pilau, tukatawanyika bila hata mmoja kuuliza nesi atalala wapi na dawa zikiisha nani atanunua.

Tumezoea sadaka inayomalizika siku ile ile. Nyama ya udh-hiya, kambi ya macho ya siku tatu, shuka za wodini. Yote ni kheri. Lakini mgonjwa wa siku ya nne naye ni kiumbe wa Allah.

Hivi tumesahau kwamba dini yetu ina jibu la jambo hili? Sayyidna Umar (r.a.) alipopata ardhi nzuri Khaybar, alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kutaka ushauri. Aliambiwa, kama akipenda, aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Ardhi ile ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Huo ndio wakfu. Kwa msingi huo huo Sultani Qalawun alijenga hospitali yake mjini Cairo katika miaka ya 1280. Hakuishia kwenye kuta. Aliiwekea mali ya wakfu, yakiwemo maduka, na kodi yake ndiyo iliyolipa matabibu, dawa na chakula cha wagonjwa. Hospitali ile ilihudumia watu kwa karne nyingi baada yake.

Tusiende mbali. Hapa Kibaha tuna Tumbi, ambako majeruhi wengi wa ajali za barabara ya Morogoro hukimbizwa. Tumbi ilianza kama kituo cha afya ndani ya mradi wa nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden. Waliojenga walijenga pia shule, chuo cha wakulima, mashamba na nyumba za watumishi. Mwaka 1970 walipokabidhi mradi kwa serikali, likabaki Shirika la Elimu Kibaha la kuusimamia. Watu wale hawakuwa wakisoma bulugh al-maram, lakini mambo ya kudumisha waliyafahamu kuliko sisi tunaoisoma kila Ramadhani. Vivyo hivyo Taasisi ya Mkapa, iliyoanzishwa mwaka 2006. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuajiri wahudumu wa afya kwa ajili ya wilaya za pembezoni na kuwajengea nyumba za kuishi. Ilitambua kwamba anayetibu ni mtu, si jengo.

Kuna ndugu huuliza, kwa nini tusitumie zaka? Hapa tuwe waangalifu. Wanazuoni wengi wa madhehebu manne hawaruhusu zaka kujenga msikiti wala hospitali, kwa kuwa wenye haki nayo ni watu waliotajwa katika Suratut-Tawba, aya ya 60. Fakiri aliyelazwa akashindwa kulipa bili, huyo anastahiki zaka yako, mpelekee. Ama nyumba ya nesi, hiyo itafute kwenye sadaka na wakfu.

Haya niliyasema msikitini kwetu baada ya sala ya Ijumaa. Mzee mmoja alinifuata nje. Ana fremu mbili za duka Maili Moja, anataka moja iwe wakfu na kodi yake ijenge, kisha itunze, nyumba ya nesi kule kijijini kwa shangazi. Wanawe hawajafurahi, na sikuwaficha kwamba wana haki ya kuuliza. Nilimweleza mzee kwamba akiacha kwa wasia hatavuka theluthi ya mali yake, ila akiwa hai na mzima anaweza kuweka wakfu sasa hivi, na ni bora awaite wanawe wasikie wenyewe. Amewaita Jumapili. Ameniagiza niende na karatasi, na niandike wazi kwamba fedha ile isije ikahamishiwa kupaka rangi msikiti.