Msiibane Siku ya Safari

Wajukuu zangu mnaokuja hapa Nyakato, Musoma, kutoka Dar es Salaam, kaeni kidogo nizungumze nanyi. Haya nimeshayasema hadi ulimi umechoka, lakini mtu mzima haachi kusema kwa kuwa hasikilizwi. Husema tena, na mara hii husema polepole.

Kosa lenu ni moja: mnaibana siku. Mnataka mpande ndege alfajiri, mchana muwe Butiama kwenye kaburi la Mwalimu Nyerere, jioni mle sato Mwigobero, usiku mlale pazuri, na kesho yake muwe kazini. Ratiba ya namna hiyo haiachi nafasi hata ya mvua. Likizuka jambo dogo tu siku yote inaharibika, na hasira inamwangukia yeyote aliye karibu.

Tuanze na ndege. Wengi wenu mnashukia Mwanza, kisha mnapanda basi zaidi ya kilomita 200 kupitia Magu, Lamadi na Bunda. Ziwa hili la Victoria lina tabia yake. Mara nyingi mawingu ya radi hujikusanya juu ya maji usiku, na alfajiri mvua inakuwa bado haijamaliza hasira zake. Rubani akiambiwa asubiri, asubiri. Mmesahau 6 Novemba 2022? Asubuhi ile, hali ya hewa ikiwa mbaya, ndege iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43, na 19 kati yao hawakurudi nyumbani. Sisi wa rika langu tulikuwa tumeshazika kabla ya hapo: Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikielekea Mwanza, imejaza watu kupita uwezo wake, tukapoteza mamia. Ndiyo maana mnaponipigia simu kulalamika kwamba mmekaa uwanjani kwa saa nne, mimi huitikia tu, "Alhamdulillahi, mko nchi kavu."

Sisemi mnyamaze mkidhulumiwa. Kuna kuchelewa kwa mvua na kuna kuchelewa kwa uzembe. Ulizeni sababu, ulizeni saa mpya ya kuondoka, tunzeni tiketi na ujumbe mliotumiwa, kisha andikeni malalamiko. Wasafiri wa anga wana baraza lao la watumiaji, na wa mabasi wana mamlaka yao, LATRA. Lakini binti wa kaunta mnayemfokea si yeye anayekusanya mawingu. Matusi yenu hayafiki kwa mkubwa wake. Yanaishia kifuani mwake, naye jioni anakwenda nayo nyumbani kwa watoto wake.

Sasa malazi. Mnasema "Nyakato" kana kwamba dunia ina Nyakato moja. Iko hii yetu ya Musoma. Iko ya Mwanza, tena kando ya barabara hiyohiyo ya kuja huku. Bukoba nako kuna shule ya sekondari yenye jina hilo. Kijana mmoja alilipia chumba kwa simu, akashuka stendi ya Bweri usiku, akaanza kuitafuta gesti ambayo basi lake lilikuwa limeipita mchana. Bodaboda wakamzungusha hadi wakachoka wao. Alipopiga simu, mhudumu akamjibu kwa adabu kwamba chumba kipo na kitanda kimetandikwa, ila kiko Mwanza. Akamtukana. Mhudumu wa watu alikosa nini?

Kabla hamjatuma pesa, tajeni mkoa, kata na mtaa, na mwulizeni mwenye gesti yuko jirani na nini. Tiketi nayo muisome kwa utulivu: 06:30 ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, si saa sita na nusu mchana. Na mkikwama usiku, babu yenu yupo. Sikasiriki mkilala gesti, najua mnapenda bafu la maji ya moto. Nakasirika nikisikia mlikesha stendi nami nalala hatua chache kutoka hapo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni asiyesema kwamba amefika.

Halafu kutembea. Butiama mnakwenda mbiombio, dereva anapiga honi, mnapiga picha mbili na kuondoka. Pale Mwitongo amelala Mwalimu, aliyefariki 14 Oktoba 1999, karibu na wazazi wake, Chifu Burito na Mama Mugaya. Makumbusho yake yalifunguliwa mwaka huohuo. Mwenye kupita humo taratibu, akamuuliza mwongozaji na kusubiri jibu, anatoka na mengi kuliko yaliyomo kwenye simu yake. Ataelewa pia kwa nini tunawaonyesha Shule ya Mwisenge hapa mjini: mwaka 1934 mtoto wa umri wa miaka 12 hivi alitoka Butiama kuja kusoma hapo, mwendo wa kilomita 40 na ushee. Mambo hayo mawili yanastahili siku mbili. Mkiwa na siku moja, chagueni moja, na lingine liacheni kwa safari ijayo. Ziwa halihami, wala Mwitongo hauendi popote.

Nami sina zaidi, wajukuu zangu. Mkiomba likizo, ombeni na siku moja ya ziada kwa ajili ya mvua, gari bovu na kupotea njia. Mwajiri akiwanyima siku hiyo, ahirisheni safari mpaka itakapopatikana. Afadhali mje mara moja kwa mwaka mkiwa na nafasi, kuliko kuja mara tatu na kutuachia lawama.