Ukurasa Usiokuwa na Mwisho

Huulizwa: mtu aliyeketi na simu yake baada ya sala ya isha akinuia kutazama khabari kidogo, kisha akainua kichwa na usiku umekuwa mkubwa, lawama ya saa zile ni ya nani? Wako wasemao ni yake peke yake, kwani hapana aliyemshika mkono. Wako wasemao ni ya waliotengeneza programu ile, kwani wao ndio waliotega. Kauli zote mbili zina sehemu ya haki, wala hapana moja iliyotimia.

Kwanza yapasa kuujua mtego wenyewe. Zamani kila kisomwacho kilikuwa na mwisho: gazeti lina ukurasa wa nyuma, barua ina wasalamu, na msahafu umegawanywa juzuu 30, msomaji akajua pa kutua. Na mahali pa kutua ndipo moyo hujiuliza: niendelee, au niondoke? Mwaka 2006 Aza Raskin, mtengenezaji wa programu wa Marekani, alibuni ukurasa ambao kila msomaji akaribiapo chini yake huongezeka wenyewe, wala haufiki kikomo. Baadaye alitangaza majuto yake hadharani. Mwaka 2012 Netflix nao wakaanza kuifuatisha sehemu ya pili ya mchezo mara tu ya kwanza ikwishapo, pasi na mtazamaji kugusa kitu.

Mtego wa pili ni wa kubahatisha. B. F. Skinner, mtaalamu wa tabia wa Marekani, aliwajaribu njiwa waliopewa punje kwa kudonoa kibao. Ikadhihirika kwamba njiwa apewaye mara moja moja, asijue ni lini, hudumu akidonoa hata baada ya punje kukatwa, kuliko yule aliyezoea kupewa kila adonoapo. Ndivyo alivyo avutaye ukurasa kwa kidole: mara hukuta salamu ya rafiki, mara hukuta upuuzi, mara hakuti kitu, na kule kutojua ndiko kumrudishako.

Wala haya hayakutokea kwa kughafilika. Mwaka 2017 Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa Facebook, alikiri kuwa waanzilishi walifikiri jinsi ya kuchukua wakati na mazingatio ya watu kwa kadiri iwezekanavyo, nao walijua wafanyalo. Sababu ni biashara: huduma hutolewa bure, na kiuzwacho kwa wenye matangazo ni macho ya watu.

Basi je, kauli ya kuwa hapana aliyelazimishwa yatosha? Mafakihi waliikata zamani katika mlango wa biashara. Muuzaji akiacha kumkama mbuzi siku kadhaa ili kiwele kijae, mnunuzi akadhani ana maziwa mengi, hapana aliyelazimishwa: mnunuzi ameona kwa macho yake na kutoa fedha kwa mkono wake. Pamoja na hayo tendo lile ni haramu, na mnunuzi ana khiyari ya kumrudisha mbuzi. Kwani ridhaa iliyojengwa juu ya hila si ridhaa timamu. Na mwenye kuondoa mwisho wa ukurasa makusudi, ili nia ya mtu isipate pa kujiuliza, amefanya lililo karibu na hilo: hakumshika mtu mkono, lakini ameuziba mlango ambao angetokea.

Ila mtumiaji asifurahi upesi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i khiyari ya aibu ni ya papo hapo. Mnunuzi akiisha kuijua aibu, kisha akanyamaza na kuendelea kukitumia kitu, haki yake ya kurudisha imekwisha. Na leo aibu hii imejulikana, hata Umoja wa Ulaya mwaka 2022 ulitunga sheria ya kukataza kurasa zilizopangwa kwa kuwahadaa watumiaji. Basi ajuaye na ajiwekee mwenyewe mwisho ulioondolewa: azime milio ya simu, anuie kabla ya kuifungua atafutalo, na alipatapo aifunge. Akikaa baada ya kujua, ameridhia.

Kwa mtoto jambo ni zito zaidi. Yeye hajabaleghe, biashara yake haisihi, na khiyari yake i mkononi mwa walii wake. Baba ampaye mwanawe simu ili anyamaze, amemnunulia mbuzi ambaye siri ya kiwele chake amekwisha kuijua.