Kuing'arisha Picha ni Kusema Uongo?
Picha ya harusi ya bibi, nyeusi na nyeupe, ilikuwa imemezwa na giza upande wa akina mama waliokaa mkekani. Nikaandika programu fupi: kila pikseli igawanywe kwa 255, ipandishwe kwa kipeo cha 0.5, kisha izidishwe tena kwa 255. Iliyokuwa 64 ikawa 128, nyuso zikajitokeza. Shangazi akauliza, “Mwanangu, hawa umewaongeza wewe?”

La, shangazi. Hesabu hii ya kipeo, iitwayo gama, haipindui mpangilio: pikseli iliyokuwa na giza zaidi haiwezi kumpita jirani yake kwa mwanga. Sifuri hubaki sifuri. Ila 1 huruka hadi 16, na katikati hapana kitu. Zipo programu zinazojaza pengo kama hilo kwa sura za kubuni. Kwa picha ya marehemu, mimi naona huko ni kumshuhudia mtu uongo.